Boila kwanza: kufufua injini ya mvuke ya kuchezea hapa Tanga

Injini ya mvuke ya kuchezea ina boila dogo la shaba ya njano, kitaa cha spiriti chini yake, silinda na flaiwili, yaani gurudumu zito. Maji yanachemka, mvuke unasukuma pistoni, flaiwili inazunguka. Kanuni ni ileile ya magari moshi yaliyotoka Tanga baada ya reli kuanza kujengwa mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905. Miaka hiyohiyo viwanda vya Nuremberg, Ujerumani, kikiwemo cha ndugu wa ukoo wa Bing, vilikuwa vikiwatengenezea watoto injini hizi. Ukiona alama ya GBN, hiyo ni Bing ya zamani. BW ni ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hadi kampuni ilipokufa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Za Kiingereza maarufu zaidi ni Mamod, za kutoka Birmingham, zilizoanza mwaka 1937.

Wenye nazo karibu wote wananiomba jambo moja: ing'ae. Bibi mmoja wa Chumbageni alileta ya marehemu baba yake akaniambia, "Mwanangu, nataka iwake kama sinia la harusi." Nikamjibu, "Bibi, niruhusu kwanza nijue kama boila lake ni zima. Kuwaka tutazungumza baadaye." Alikubali, na nawaomba wenye injini wote wakubali vivyo hivyo, kwa sababu chombo hiki hubeba presha.

Boila halipimwi kwa mvuke, hupimwa kwa maji baridi. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, kwa hiyo boila bovu likipasuka likiwa na mvuke, linarusha vipande na maji ya moto usoni mwa mtu. Maji baridi hayabanwi. Mshono ukiachia, unaona tone tu na geji inashuka. Najaza boila hadi juu kabisa bila kubakiza hewa, naunganisha pampu ya mkono yenye geji, napandisha taratibu hadi mara mbili ya presha ya kazi. Injini nyingi za aina hii hufanya kazi kwenye baa (kipimo cha presha) 1 hadi 1.5, kwa hiyo natafuta baa 3 zisizoshuka kwa dakika kumi. Nikiona mshono unatoa jasho, nasimama hapo hapo.

Mishono mingi ya zamani ni ya lehemu laini ya bati na risasi, inayoanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183 hivi. Mvuke wa baa 1 juu ya hewa ya kawaida una nyuzi 120. Maji yakiwepo, yanaulinda mshono. Yakiisha huku moto ukiwaka, lehemu inatiririka. Ndiyo maana spiriti inapimwa iwe kidogo kuliko maji, moto ufe kabla boila halijakauka. Boila lililoungua hivyo hulehemiwa upya. Ikibidi lehemu ya fedha, nakwenda kwa sonara. Yeye amezoea moto wa nyuzi mia sita na zaidi, na ana mkono wa kuupeleka moto mahali padogo bila kuyeyusha kingine.

Sasa kung'arisha. Sisi wa pwani tumelelewa tukisugua shaba kwa ukwaju, ndimu na majivu. Kwa sinia ni sawa, maana unasugua na kusuuza papo hapo. Boila usililoweke. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na asidi ikikaa hula zinki, ikaacha uso wa waridi wenye vinyweleo. Uso huo ni dhaifu, na ukuta wa boila ni mwembamba tangu mwanzo. Mimi natumia kitambaa laini na Brasso kidogo, tena pale tu penye kutu ya kijani. Rangi ya kiwandani kwenye kitako cha bati siigusi hata ikiwa imebanduka. Naifuta kwa mafuta ya cherehani, vumbi la miaka linatoka na rangi inabaki. Kupaka upya ni kufuta mkono wa aliyeitengeneza, na hilo halirudishiki.

Kuna hatari moja isiyoonekana. Vitaa na gasketi za zamani vilitumia asbesto, ile nyeupe ya nyuzinyuzi. Usiikwangue ikiwa kavu wala usiipulize. Ilowanishe, vaa barakoa ya kuchuja vumbi, itoe na uifunge kwenye mfuko.

Silinda za kuyumba ndizo nizipendazo zaidi. Silinda yenyewe inacheza huku na huku juu ya bamba lenye matundu, ikifungua na kufunga njia ya mvuke bila valvu nyingine yoyote. Nyuso hizo mbili zikipindika kidogo tu, mvuke unavuja na injini inazubaa. Weka msasa wa maji namba 1000 juu ya kioo, sugua uso kwa mzunguko wenye umbo la namba nane, malizia kwa Brasso. Ile grisi ya kusagia valvu za gari usiitumie: chembe zake ngumu huzama kwenye shaba laini na kuendelea kusaga kila injini inapozunguka. Pistoni iliyolegea naizungushia uzi mwembamba wa ule utepe mweupe wa mafundi bomba.

Valvu ya usalama, ile inayotoa mvuke presha ikizidi, naipa springi ya chuma kisichoshika kutu. Wapo wanaoikaza ili injini iende kasi. Injini kama hiyo siiwashi.

Maji nakinga ya mvua, lakini siyo ya mvua ya kwanza, kwa sababu inaosha chumvi ya bahari iliyolala kwenye mabati. Mwali wa spiriti hauonekani juani, basi washa kivulini, watoto wakae mbali, na kitaa usikijaze kikiwa cha moto. Silinda inataka oili nzito ya mvuke, daraja la 460. Ya cherehani huoshwa mara moja. Ukimaliza, subiri presha iishe kabisa, fungua valvu, mwaga maji boila likiwa bado na uvuguvugu ili likauke, kisha paka chuma chote oili. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani, kwa hiyo funga kwa kitambaa cha pamba.