Maswali na Majibu: Afya ya Mwanamichezo Katika Joto la Mombasa

Kwa nini mchezaji anayefanya mazoezi kwa bidii huweza kushuka kiwango?

Mazoezi huuchosha mwili, na nguvu mpya hupatikana baadaye, mwili unapojijenga upya kwa chakula na usingizi. Kijana anayetoka uwanjani Tononoka jioni, akala chapati kavu kwa chai, akakesha na simu hadi saa saba za usiku, kisha akaamka alfajiri kukimbia, huwa anaubomoa mwili wake. Dalili huonekana mapema: mapigo ya moyo huwa juu kuliko kawaida yake hata kabla hajainuka kitandani, mafua hayaishi, hasira huwa karibu, na kasi hupungua ilhali bidii imeongezeka. Inasikitisha kwamba mchezaji wa namna hii mara nyingi huitwa mvivu na kuongezewa mizunguko, wakati anachohitaji ni kupumzishwa. Mwenye umri wa kati ya miaka 13 na 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku.

Joto la pwani lina hatari gani hasa?

Jasho huupoza mwili linapokauka juu ya ngozi, na likidondoka tu chini halisaidii kitu. Hewa ya Mombasa, hasa kuanzia Januari hadi Machi kabla ya masika, huwa na unyevu mwingi, kwa hiyo jasho huchelewa kukauka na joto hubaki mwilini. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika hapa Machi 2007, Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo, aliacha njiani katika joto hilo, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Ikiwa bingwa wa kiwango hicho alishindwa, mtoto wa shule hapaswi kukimbizwa saa saba za mchana.

Mgeni kutoka bara apewe siku 7 hadi 14 za kuzoea, akianza na mazoezi mepesi. Mchezaji akianza kupepesuka, kuongea yasiyoeleweka au kuzirai, huo ni mwili uliopata joto kupita kiasi, na unaweza kumuua. Apelekwe kivulini, avuliwe jezi na viatu, atumbukizwe kwenye maji baridi au amwagiwe mfululizo huku akipepewa, na gari la hospitali liitwe papo hapo. Kumpoza kuanze pale pale uwanjani wakati gari likisubiriwa. Asilazimishwe kunywa ikiwa fahamu zimempotea.

Anywe maji kiasi gani?

Mizani ndiyo itakayomwambia. Ajipime kabla na baada ya mazoezi, akiwa amejifuta jasho: kila kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Mwenye kilo 60 asipungukiwe zaidi ya kilo 1.2. Akiongezeka uzito, amekunywa kupita haja, jambo ambalo huzimua chumvi katika damu na ni la hatari pia. Madafu ni mazuri, ila yana chumvi kidogo kuliko inayotoka na jasho, kwa hiyo chakula cha baadaye kiwe na chumvi.

Na katika mwezi wa Ramadhani?

Mazoezi mazito yahamishiwe usiku, baada ya tarawehe, na yale ya kabla ya magharibi yawe mepesi. Futari ianze kwa tende, maji na uji, na daku isiachwe: mbaazi za nazi, mayai na ndizi humfikisha mtu mbali kuliko chai na mahamri peke yake.

Msichana akikosa hedhi kwa sababu ya mazoezi, je, ni kawaida?

Hapana, ingawa wengi huambiwa hivyo. Mara nyingi maana yake ni kwamba chakula anachokula hakitoshelezi nguvu anazotumia, na mwili umeanza kuzima baadhi ya kazi zake. Mifupa hudhoofika na huweza kupata nyufa kwa kukimbia tu. Akikosa kwa miezi mitatu, aonwe na daktari, na damu ipimwe pia kuona kama madini ya chuma yamepungua. Kila timu ya wasichana inahitaji mwanamke mtu mzima ambaye wanaweza kumweleza jambo hili bila haya.

Vipi kuhusu mawazo?

Simone Biles, mchezaji wa jimnastiki wa Marekani, alijiondoa kwenye fainali ya timu katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa sababu akili yake haikuwa salama kuruka, na mwaka 2024 mjini Paris alishinda dhahabu tatu. Kwetu, anayehitaji kuangaliwa zaidi ni mchezaji aliyeumia goti na kukaa nje miezi mingi. Kocha aendelee kumwita uwanjani, ampe kazi ya kuwasaidia wenzake, na amuulize faraghani analala vipi na anakula nini. Akisema hataki tena kuishi, asiachwe peke yake hata kidogo. Nyumbani kwao wajulishwe na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.