Mafuta ya Mimea: Yasemwayo Mtaani na Yaonekanayo Maabara

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Mwaka 1770 ulifikishwa Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukaota Zanzibar. Mauritius hiyohiyo ndiko alikozaliwa, mwaka 1959, Ameenah Gurib-Fakim, mwanakemia aliyechunguza mimea ya dawa na ya manukato ya kisiwa chake na cha Rodrigues, kabla ya kuwa rais wa nchi kuanzia 2015 hadi 2018. Kazi ya wanasayansi kama yeye inasahihisha mengi tunayoyaamini kuhusu mafuta yanayotolewa kwenye mimea hiyo, kama mafuta ya karafuu.

Dhana: Kitu cha asili hakidhuru.

Hii inanitia hofu kuliko zote, kwa sababu wanaoumia ni watoto. Karafuu kavu ina mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Kwa hiyo kichupa cha mililita 10 cha mafuta hayo kimebeba yaliyomo kwenye zaidi ya gramu 50 za karafuu kavu, na hakuna anayetia karafuu kiasi hicho kwenye sahani moja ya pilau. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, kemikali inayotia ganzi na kuua vijidudu. Ikizidi, inaunguza utando wa kinywa na kulemea ini. Madaktari wameandika habari za watoto wadogo waliokunywa vijiko viwili vya chai au pungufu, wakapata degedege, wakapoteza fahamu na ini likaharibika. Kichupa kikae juu, mbali na mikono yao. Mtoto akishakunywa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali pamoja na kichupa chenyewe.

Dhana: Maumivu ya jino yakitulia kwa mafuta ya karafuu, jino limepona.

Ganzi imeshika, tundu lipo palepale. Madaktari wa meno nao huitumia eujenoli, wakiichanganya na oksidi ya zinki kupata kijazio cha muda, lakini husafisha jino kwanza.

Dhana: Harufu kali ndiyo dalili ya mafuta halisi.

Majani ya mkarafuu na makonyo yake, yaani vikonyo vinavyoshika karafuu, pia hutoa mafuta yenye eujenoli nyingi. Kiwanda cha Wawi, Pemba, kinajulikana kwa kukamua mafuta ya makonyo kwa mvuke. Ni bidhaa nzuri, ila bei yake si ya mafuta ya karafuu yenyewe, na mwenye tamaa anaweza kuyachanganya pua isitambue. Tone kwenye karatasi litamfichua aliyetia mafuta ya kula, kwa kuwa hayo huacha doa la kudumu. Aliyetia ya majani halimfichui. Hapo inahitajika kromatografia ya gesi. Sampuli hugeuzwa mvuke na kupitishwa kwenye mrija mwembamba mrefu, kila kemikali ikatoka kwa wakati wake. Mafuta ya karafuu yenyewe huonyesha asetati ya eujenoli kwa wingi kuliko ya makonyo.

Dhana: Mmea ukiwa mmoja, dawa ni moja.

Katika jamii ya kivumbasi upo *Ocimum gratissimum*. Baadhi yake hutoa mafuta yaliyojaa eujenoli, mengine timoli, ambayo ni kemikali nyingine, ingawa kwa macho yote ni mmea uleule. Udongo, msimu na saa ya kuvuna navyo hubadilisha kilichomo.

Dhana: Mafuta yamebeba dawa yote ya mmea.

Mvuke unaotumika kukamua mafuta huchukua vile tu vinavyoruka, yaani vinavyogeuka mvuke kwa urahisi. Artemisinini, dawa ya malaria iliyomo kwenye *Artemisia annua*, haiji kwa njia hiyo. Tu Youyou wa China, aliyepata Nobeli mwaka 2015, aliitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, baada ya kubaini kwamba joto kali linaiharibu.

Dhana: Maabara inadharau elimu ya wazee.

Gurib-Fakim na wenzake waliorodhesha kwanza mimea ambayo watu wa visiwani walikuwa wakiitumia, na kwa maradhi gani. Bila orodha hiyo, mwanakemia hajui hata aanze na jani lipi.