Anayejitolea katika afya ya jamii, yeye anapata nini?

Kwenye semina za wahudumu wa afya ngazi ya jamii, swali la kwanza huwa la posho. Ni swali halali, na heri lijibiwe mapema. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaozihimiza nchi kuwalipa wahudumu hawa kulingana na kazi wanayoifanya. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwapata zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, na Kenya tangu 2023 huwapa wahamasishaji wake wa afya ya jamii posho ya mwezi na mkoba wa vifaa. Kwa hiyo kiongozi anayemkabidhi mtu kaya mia moja kisha akamwambia "Mungu atakulipa" anamnyonya tu, hata kama anasema kwa nia njema.

Lakini posho peke yake haimweki mtu katika kazi hii miaka kumi. Wanaodumu wana sababu nyingine, na mara nyingi hawazitaji mpaka uwaulize.

Chukua kazi moja ndogo: kupima lishe ya mtoto wa miezi 6 hadi 59. Mhudumu hutafuta katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, huzungusha utepe wa kupimia wenye rangi bila kuukaza, kisha husoma. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, na safari ya zahanati haingoji kesho. Kuanzia 11.5 hadi chini kidogo ya 12.5 ni njano. Hapo anakaa na mama, wanazungumza uji unavyopikwa, kama kuna dagaa au karanga za kusaga nyumbani, na nani anabaki na mtoto mama akienda shamba. Anarudi baada ya muda, na siku utepe ukisoma kijani anakiona kwa macho yake kile alichokifanya. Daktari wa hospitali ya wilaya mara nyingi humruhusu mgonjwa na asimwone tena. Mhudumu hupishana na mtoto yuleyule njiani kila asubuhi. (Upande wa pili nao upo: mtoto akifariki, mhudumu anakaa msibani kama jirani, tena wapo watakaomtupia jicho la lawama. Anayekusajili bila kukuambia hili hajakutendea haki.)

Faida nyingine huanzia nyumbani kwake. Huwezi kuhimiza vibuyu chirizi, yaani vyombo vya kunawia mikono vinavyochiriza maji, kijiji kizima na chooni kwako hakuna hata kimoja, majirani watakucheka. Ndiyo maana familia za wahudumu huwa miongoni mwa za kwanza kunawa kwa sabuni, kulala ndani ya chandarua na kuwahi kliniki ya wajawazito. Kwa WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowasaidia wenzao kuendelea na dawa, jambo hili ni zito zaidi. Anayemkumbusha mwenzake kumeza dawa kila siku anajikumbusha na yeye, na upweke ambao kwa wengi ni ugonjwa wa pili humpungua.

Kisha kuna kuaminiwa. Binti atakueleza kwamba siku zake zimepita kabla hajamwambia mama yake. Mzee atakuonyesha kidonda alichokificha kwa wanawe. Imani hii haijengwi na sare wala kitambulisho. Huja polepole, na hupotea siku moja tu ukilitaja jina la mtu kwenye kijiwe cha kahawa. Kwa maoni yangu hili ndilo pato kubwa kuliko yote, na ndilo linaloharibiwa zaidi na uzembe wa mdomo.

Ujuzi nao haupotei. Kujaza rejesta, kusimama mbele ya mkutano, kumsikiliza mtu mwenye hasira bila kumjibu kwa hasira: vijana kadhaa huyapata hapa kabla ya kwenda kusomea uuguzi, na wengine huyatumia kwenye biashara zao.

Ukitaka kuanza, onana na mganga mfawidhi wa zahanati yako au mtendaji wa kijiji au mtaa, uulize utaratibu wa kuwapata wahudumu. Uliza pia mafunzo yatatolewa na nani, msimamizi wako atakuwa nani, na usafiri utagharamiwa vipi. Panga siku zako za kutembelea kaya na uzitangaze, maana majirani watakuamsha usiku. Kwa mama mwenye degedege au anayetokwa damu nyingi amka ukamsaidie kufika kituoni, ila mwenye mafua ya siku mbili anaweza kungoja asubuhi. Na dawa ambayo hukufundishwa kuitoa, usiitoe hata kwa ndugu yako.