Je, wajua kwa nini mkaa wa yakitori hautoi moshi?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu tayari kwa yeyote aliyeuliza kwa nini nyama ya mkaa ni tamu kuliko ya gesi: ni moshi wa mkaa. Mti huacha harufu yake ndani ya mkaa, mkaa huitoa kwa moshi, nyama huinywa. Ni maelezo yanayomtosha kabisa mtu anayesubiri mishkaki yake. Kumbe nilikuwa nadanganya watu, na walionisuta ni wachomaji wa yakitori wa Japani.

Yakitori ni mishkaki midogo ya kuku. Neno lenyewe ni "yaki", kuchoma, na "tori", ndege au kuku. Huchomwa paja, ngozi, firigisi, moyo, hata gegedu, kwa chumvi tu au kwa mchuzi mzito wa soya uitwao tare. Duka lenyewe mara nyingi ni chumba chembamba chenye taa nyekundu ya karatasi mlangoni. Kule Yurakucho, Tokyo, mengine yamejibanza chini ya njia ya reli. Wateja hukaa mbele ya mchomaji, karibu kiasi cha kuusikia mkaa ukilia.

Ndiyo, unalia. Maduka mengi ya bei nafuu hutumia gesi au umeme, lakini yale yanayojivunia uchomaji wao hununua, kwa bei kubwa, mkaa uitwao binchotan. Vipande viwili vikigongana hutoa mlio kama wa chuma. Kipande kikitiwa majini huzama. Na kikishika moto hakitoi moshi. Hapo ndipo nadharia yangu ilipovunjika: kama moshi ndio siri, mbona hawa wanalipia mkaa usio nao?

Mkaa huo unasifika zaidi ukitoka mkoa wa Wakayama, Japani, kwa mti mgumu wa jamii ya mwaloni uitwao ubame. Jina binchotan, inasimuliwa, linatokana na mfanyabiashara wa mji wa Tanabe, Bitchuya Chozaemon, wa karne ya 17. Miti huokwa tanurini kwa siku kadhaa ikinyimwa hewa. Mwishoni, badala ya kuliacha tanuri lipoe likiwa limezibwa, mchoma mkaa hulifungua kidogo kidogo. Hewa inaingia, joto linapanda hadi kama nyuzi 1,000 za Selsiasi, na masalia karibu yote ya utomvu na gesi yanateketea. Kisha makaa mekundu huvutwa nje na kufukiwa kwa mchanganyiko wa mchanga na majivu yenye unyevu, unaoyaachia vumbi jeupe. Kinachobaki ni kaboni, zaidi ya asilimia 90.

Sasa fikiria tanuri la mkaa kijijini. Ule moshi mzito unaofuka siku nzima ndio harufu ya mti ikiondoka. Haikusubiri kufika jikoni kwako. Mkaa wa gunia ukikujazia moshi machoni, basi kuna vipande havikuiva, na moshi wa namna hiyo huleta uchungu zaidi ya utamu.

Utamu unatoka wapi, basi? Sehemu kubwa inatoka kwa kuku mwenyewe. Tone la mafuta au la tare linaangukia kaa la moto, linaungua papo hapo, na mvuke wake unapanda kuipaka nyama iliyolidondosha. Moshi upo, ila si wa mkaa.

Halafu kuna joto. Simama juani saa sita, kisha ingia chini ya mwembe. Hewa ni ileile, lakini ngozi inahisi tofauti, kwa sababu jua lilikuwa likikupiga kwa miali. Kaa la moto huchoma nyama vivyo hivyo, kwa miali zaidi ya hewa moto. Utasikia ikisemwa kwamba miali ya binchotan hupenya hadi katikati ya nyama. Nisingeisema hivyo: miali ya namna hii huishia karibu na uso wa nyama, na ndani joto husafiri polepole kama kawaida.

Kinachonifurahisha zaidi ni maji. Gesi ikiungua huzaa mvuke wa maji; weka sufuria ya maji baridi juu ya jiko la gesi, utaona ukungu ukijikusanya upande wa chini. Kaboni tupu haina haidrojeni ya kutengenezea maji, kwa hiyo hewa juu ya binchotan ni kavu. Aliyewahi kufungia sambusa za moto ndani ya hotipoti anajua unyevu unavyofanya kwa kitu kilichokauka vizuri. Ngozi ya kuku ina tabia hiyohiyo.

Kutokuwa na moshi, hata hivyo, si kutokuwa na hatari. Binchotan hutoa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyoonekana wala kunuka, kama jiko lolote la mkaa. Ndiyo maana juu ya jiko la yakitori huwekwa kivuta hewa chenye nguvu.

Duka likifungwa, makaa yaliyobaki hayamwagiwi maji. Hutiwa kwenye chungu chenye mfuniko, yakafa kwa kukosa hewa. Kesho yake huwashwa tena, na safari hii hushika moto upesi kuliko mara ya kwanza.