Sanaa ya usimikaji: dhana potofu kuhusu kazi na kipato chake

Dar es Salaam imezoea sanaa inayobebeka: mchoro wa Tingatinga unaokunjwa ukaingia kwenye begi, kinyago cha Mwenge kinachoviringishwa kwenye gazeti. Sanaa ya usimikaji ni jambo jingine. Msanii hujenga chumba kizima au uwanja kwa chuma, kitambaa, sauti, mwanga au udongo, na mtazamaji huingia ndani yake. Onyesho likiisha, kazi hufunguliwa vipande. Watu huikuta imeshasimama. Hawaioni ikipandishwa wala ikishushwa. Ndiyo maana yanasemwa mengi juu yake yasiyo kweli, na vijana wenye kipaji wanaoyaamini huacha mapema.

Dhana: Ni takataka zilizopangwa, yeyote anaweza.

El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, hutumia vizibo vya chupa za pombe. Hubondwa, hukunjwa, hutobolewa, kisha hufungwa kimoja kimoja kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa kama nguo kubwa ya chuma. Mwaka 2015 alitunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa mchango wa maisha yake. Mghana mwenzake, Ibrahim Mahama, hufunika majengo kwa magunia ya juti yaliyokwishabeba kakao na mkaa. Huwapa wafanyabiashara magunia mapya naye akachukua yaliyochakaa, kwa sababu alama za mizigo na majina yaliyoandikwa juu yake ndizo anazozitafuta.

Piga hesabu ya hapa nyumbani. Chupa za plastiki 2,000, kila moja dakika 3 za kuosha, kutoboa na kufunga, ni saa 100. Watu wawili wakifanya kazi saa 8 kwa siku watamaliza zaidi ya siku sita, na hapo hakuna kilichopandishwa juu. Chupa isiyokauka vizuri ndani huota ukungu ikishafungwa kizibo, na katika joto la Dar huo huonekana ndani ya siku chache. Iliyokaa juani muda mrefu hupasuka unapoitoboa.

Dhana: Msanii ana wazo, kujenga ni kazi ya fundi.

Fundi wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar, atakuchomelea fremu nzuri. Hatakuuliza itaning'inia wapi, upepo utatoka upande gani, wala kama mlango wa ukumbi una upana wa kuipitisha. Maswali hayo ni yako, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia.

Anza na upepo, maana mji huu uko ufukweni. Upepo wa kilomita 36 kwa saa husukuma kila mita ya mraba ya kitambaa kwa nguvu ya kilo 6 hivi. Ukifika kilomita 72, nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne: kilo 25 hivi. Pazia la mita 3 kwa 4 hapo linavuta kwa kilo 300. Kamba ya manila iliyofungwa kwenye nguzo ya bustani haiwezi kulizuia. Dawa yake ni kupanga tangu mwanzo namna ya kulishusha haraka, na kumteua mtu atakayekuwapo mawingu yakifunga. Kazi ya nje iliyopangiwa masika, Machi hadi Mei, iangaliwe mara mbili kabla ya kukubaliwa.

Kuning'iniza nako kuna kanuni zake. Gipsamu haibebi kitu. Tafuta zege au kenchi. Waya wa chuma uliosokotwa usibebeshwe zaidi ya moja ya tano ya uzito unaoukata. Unapoufunga kwa klipu, weka angalau mbili, na ile sehemu yenye umbo la U ikae upande wa ncha fupi iliyokatwa. Ikikaa upande unaobeba mzigo hubonda nyuzi zake, na waya utakatikia hapo hapo. Kila kipande kizito kiwe na waya wa pili wa akiba, uliofungwa sehemu nyingine kabisa. Mshipi wa kuvulia samaki unapendwa kwa kuwa hauonekani, lakini hurefuka taratibu ukiwa na mzigo, hudhoofika penye fundo, na jua huula. Utumie kwa vitu vyepesi, ndani tu.

Kisha chumvi ya baharini. Skwea paipu ya gavanaizi ikichomelewa, zinki huungua kwenye kiungo, na kutu huanzia hapo. Fundi asage zinki kwanza akiwa amevaa barakoa ya moshi wa kuchomelea, kwa kuwa moshi wa zinki humletea homa. Baada ya kuchomelea, agonge gamba, apige brashi ya waya, na apake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Ukiiacha hadi wiki ijayo utapaka rangi juu ya kutu.

Umeme: projekta ya wati 300 ikiwaka saa 8 inakula uniti 2.4. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uniti 1.2 kwa karatasi, lakini ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua mapema. Toa na kinachopotea kwenye inveta, unabaki na chini ya saa mbili. Kwa hiyo onyesho la wiki tatu lisitegemee betri moja. Muhimu zaidi, umeme ukirudi kazi ijiwashe yenyewe. Tumia kifaa kidogo cha kuchezesha video kinachosoma USB na kuanza bila kuguswa, badala ya laputopu itakayofungulia kwenye ukurasa wa nywila. Mlinzi wa asubuhi aweze kuwasha kila kitu kwa swichi moja.

Dhana: Haiuziki.

Inauzika, ila kinachouzwa mara nyingi si rundo la vitu. Msanii Félix González-Torres aliacha kazi za mwaka 1991 zilizo milima ya peremende ambazo wageni huruhusiwa kuchukua. Mwenye kazi ana cheti na haki ya kuiweka tena. Wasanii Christo na Jeanne-Claude, mume na mke, waligharamia miradi yao kwa kuuza michoro ya maandalizi, bila wafadhili. Lango la Arc de Triomphe jijini Paris lilifunikwa kitambaa cha mita za mraba 25,000 kwa siku 16 tu, mwaka 2021, kwa wazo la Christo lililoanza 1961, naye alikuwa ameshafariki. Liliwezekana kwa sababu maelekezo yalikuwapo.

Basi andika mwongozo wa kila kazi: orodha ya vipande vyenye namba, uzito wa kila kimoja, vipimo vya chumba kidogo kabisa kinachoitosha, mpangilio wa kupandisha, aina ya taa, kinachoruhusiwa kubadilishwa kikiharibika na kisichoruhusiwa. Weka vipuri asilimia 10. Mpe rafiki asiyeijua kazi asome. Anapokwama ndipo penye pengo.

Dhana: Wakilipia vifaa, wamekulipa.

Tuseme umepewa shilingi milioni 6. Vifaa 2,200,000; mafundi 1,200,000; usafiri 400,000; vifaa vya kukodi na umeme 500,000; mpigapicha 300,000; kushusha na kuhifadhi 300,000; dharura 600,000. Zimebaki laki tano, malipo ya miezi miwili ya kazi yako. Ada ya msanii iwe mstari wake, juu kabisa, na isiguswe bei ya chuma ikipanda. Gharama za kushusha husahaulika kuliko zote, na ndizo zinazofanya kazi nzuri ziishie uani zikinyeshewa.

Dhana: Bila kusoma nje hufiki.

Rehema Chachage, mzaliwa wa Dar es Salaam anayefanya video na usimikaji, alisoma Cape Town, na faida yake inaonekana. Lakini Nafasi Art Space ipo Mikocheni tangu 2008, ina studio na nafasi ya maonyesho, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa. Gerezani na Keko zina mafundi watakaokufundisha zaidi kuhusu chuma na mbao kuliko darasa lolote.

Dhana: Picha za simu siku ya ufunguzi zinatosha.

Siku ya ufunguzi kuna vichwa vya watu tu. Kazi yako ikishashushwa, picha ndiyo itakayosomwa na kila anayetoa ruzuku au kualika. Piga siku moja kabla, kwa stendi: ukumbi mzima kutoka pembe mbili, moja yenye mtu mmoja ili ukubwa uonekane, tatu za karibu, na video ya dakika moja ukitembea ndani bila kuongea. Penye projekta, zima taa za dari na uache kamera ipokee mwanga kwa muda mrefu. Hifadhi faili sehemu mbili, kwa jina la kazi, mwaka na vipimo. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi tangu inapoumbwa, si wazo lililo kichwani; picha zenye tarehe, mwongozo wako na usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndivyo utakavyoonyesha siku mtu akiiiga.