Kupima ukungu majumbani Dodoma: anza na ukuta, hewa baadaye

Anayeanza utafiti wa ukungu huulizia kwanza mashine ya kunasa hewani spora, yaani chembe ndogo ambazo ukungu huzaliana kwazo. Mimi ningemwomba asubiri. Mtu akifagia au akikung'uta godoro, spora huongezeka maradufu ndani ya dakika chache, kisha hutua. Sampuli ya dakika tano haiwezi kueleza mtoto alivuta nini mwezi mzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 kuhusu unyevu na ukungu haukutaja idadi ya spora iliyo salama. Ulisisitiza kuzuia unyevu wenyewe.

Dodoma msimu nao hudanganya. Ukuta uliolowa Januari unakuwa mkavu Agosti, na upepo wa kiangazi huingiza vumbi lenye spora za nje. Pima nyumba zilezile mara mbili: kati ya Januari na Machi, kisha Agosti.

Ukiingia chumbani, nusa kwanza, maana pua huzoea uvundo haraka. Andika alama 0 hadi 3 kwa harufu, na nyingine kwa doa, ukipima urefu na upana wake kwa futikamba. Omba kabati na kitanda visogezwe. Muulize mama mwenye nyumba: "Mama, ukuta huu ulipakwa rangi lini?" Rangi mpya huficha doa kwa wiki kadhaa.

Unga mweupe chini ya ukuta mara nyingi ni chumvi iliyopanda na maji ya ardhini, hasa pale msingi ulipojengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu. Dondoshea maji: chumvi huyeyuka, ukungu hubaki. Chumvi hiyohiyo huharibu usomaji wa kipima unyevu cha pini mbili. Kifaa hicho hupitisha umeme kidogo, na chumvi huupitisha vizuri, kwa hiyo ukuta mkavu husomeka umelowa. Zaidi ya hapo, asilimia zake nyingi zimewekwa kwa ajili ya mbao. Kwenye tofali na lipu zichukue kama ulinganisho tu: soma sentimita 10, 50, 100 na 150 kutoka sakafuni, kisha rudia kwenye ukuta wa ndani ulio mkavu.

Kipimo ninachokithamini zaidi ni unyevu wa hewa iliyogusa ukuta. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 60 inaonekana haina neno. Ikigusa ukuta wa nyuzi 20 hupoa, na unyevu hapo hufika kama asilimia 81, na kuvu nyingi huanza kuota karibu na 80. Kwa hiyo pima joto la ukuta pia, alfajiri, ukiwa umepoa.

Hakiki kipima unyevu wa hewa kabla ya kwenda. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, iloweshe iwe kama uji mzito, ifungie na kifaa ndani ya kopo lisilopitisha hewa kwa saa 12. Kinapaswa kuonyesha asilimia 75. Tofauti yoyote iandike na uisahihishe.

Maabara ikihitajika, chukua vumbi lililotua. Tandika vitambaa vya kunasa vumbi juu ya kabati kwa siku 14, kimoja kibarazani pasipofikiwa na mvua, na kingine kibaki kimefungwa kama kitupu cha kulinganishia. Visafirishe kwenye bahasha za karatasi. Ndani ya plastiki yenye unyevu kuvu huendelea kuota njiani, na maabara itahesabu kilichoota safarini.