Sauti Ile Ilitoka Kwenye Kinanda Gani? Dhana Potofu Kuhusu Sampuli za Muziki wa Kompyuta za Zamani

Mwaka 1987 Mjerumani Karsten Obarski alitoa Ultimate Soundtracker, programu ya kutungia muziki kwenye kompyuta ya Amiga. Iliambatana na diski ya sauti fupi fupi zilizorekodiwa, yaani sampuli, iliyopewa jina ST-01: ngoma, besi, nyuzi na mengineyo. Diski hiyo ikanakiliwa mkono kwa mkono barani Ulaya, na kwa miaka kadhaa nyimbo nyingi mno za Amiga zikaundwa kwa sauti zile zile. Leo wapo wapenzi wanaotaka kujua kila sauti ya zama zile ilirekodiwa kutoka sinthesaiza ipi, yaani kinanda kipi cha kuzalisha sauti kwa umeme. Ni kazi tamu, lakini imejaa majibu yanayotolewa kwa uhakika kuliko ushahidi unavyoruhusu.

"Hiyo ni sauti ya kompyuta yenyewe"

Inategemea kompyuta ipi. Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na chipu iitwayo SID, na hiyo kweli ni sinthesaiza iliyofichwa ndani ya kompyuta: inazalisha mawimbi yake na kuyapitisha kwenye kichujio chake. Amiga haifanyi hivyo. Chipu yake ya sauti, Paula, husoma namba zilizomo kwenye kumbukumbu na kuzigeuza kuwa sauti, basi. Ina njia nne, mbili zinatokea kushoto na mbili kulia, na kila namba ina biti 8. Chochote unachokisikia kiliwekwa mle na mtu. Ndiyo maana kuuliza "sauti hii ilitoka wapi?" kuna mantiki kwa wimbo wa Amiga, ilhali kwa wimbo wa kawaida wa SID jibu ni chipu yenyewe.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Bob Yannes, mhandisi aliyebuni SID, baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Ensoniq, ambayo mwaka 1986 ilitoa kinanda cha ESQ-1. Kwa hiyo mtu akisikia sampuli ya ESQ-1 akasema ina kaharufu ka Commodore, msimcheke sana.

"Jina la faili linasema kila kitu"

Faili za nyimbo za Amiga hubeba majina ya sampuli, kila jina likiwa na nafasi ya herufi 22. Mgeni wa mambo haya akikuta "analogstring" huamini kesi imekwisha. Jina hilo linakuambia tu kwamba aliyelitoa alizisikia nyuzi hizo kuwa za kianalogi, yaani zilizozalishwa na saketi za umeme badala ya namba. Halitaji kampuni, halitaji modeli. Tena majina yalibadilishwa ovyo: mtu alichukua sampuli kutoka wimbo wa mwenzake, akaipa jina jipya, akaikata mwanzo, akaipandisha sauti, akaihifadhi kwenye diski yake. Wengine walifuta majina yote na kutumia nafasi zile kuandika salamu kwa marafiki na matusi kwa mahasimu. Jina ni fununu ya kuanzia uchunguzi, na sampuli iliyomo kwenye wimbo wa kale zaidi unaoweza kuupata ina thamani kuliko ile ya wimbo wa miaka mitano baadaye.

"Sikio lililozoea vinanda linatosha"

Hapa ndipo wenye uzoefu hasa wanapojikwaa, kwa sababu wanachokisikia si kinanda. Kabla sauti haijafika kwenye masikio yao imepita mikononi mwa watu na mashine kadhaa, na kila hatua imeacha alama.

Anza na kurekodi. Amiga 500 haikuwa na tundu la kuingizia sauti. Mtu alinunua kifaa kidogo cha kusampuli, akakichomeka kwenye tundu la printa, akaunganisha waya kutoka kwenye kinanda. Kumbukumbu ya kompyuta nzima ilikuwa KB 512, na humo wimbo, picha na programu vilipaswa kuenea. Sampuli basi zilirekodiwa kwa kasi ndogo. Noti ya kati ya programu hizi huchezwa kwa takriban namba 8,287 kwa sekunde kwenye mashine za Ulaya. Noti ya oktavu moja juu yake, 16,574. Kanuni ya msingi ya sauti ya dijitali ni kwamba huwezi kuhifadhi masafa yaliyozidi nusu ya kasi ya kurekodi. Kilichorekodiwa kwa kasi ya 8,287 hakina chochote juu ya Hz 4,143 hivi. Yaani ule mng'ao wa juu unaotofautisha kinanda kimoja cha kengele na kingine haumo kabisa kwenye faili. Huwezi kusikia kisichokuwepo, ingawa ubongo utakujazia kwa hiari yake.

Halafu kuna mwendo. Mtunzi angeweza kurekodi noti ya juu kwa kasi ndogo kisha kuicheza chini, au kinyume chake, ili kuokoa kumbukumbu au kwa sababu tu ilipendeza. Ukibadili kasi, unabadili pia muda wa kupanda na kufifia kwa sauti, na besi ya kawaida inageuka jitu linalonguruma. Kabla ya kulinganisha na kinanda chochote, irudishe sampuli kwenye kimo kinachokaribia cha asili. Hata tofauti ya mashine za Ulaya na za Marekani ina mchango wake: noti ile ile huko Marekani huchezwa kwa namba 8,363 kwa sekunde, karibu asilimia moja zaidi. Kidogo, lakini inatosha kumfanya mtu adhani kinanda kilikuwa hakijatuniwa.

Na kwa kuwa njia zilikuwa nne tu, watunzi walirekodi kodi nzima, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, kama sampuli moja. Noti tatu za nyuzi zilizobonyezwa pamoja zina tabia tofauti kabisa na noti moja. Nimeona mabishano marefu kuhusu "nyuzi nene" za kinanda fulani adimu, kumbe ni kodi tu, na hakuna aliyejaribu kubonyeza vidole vitatu.

"Ule mkwaruzo ndio ladha ya sinthesaiza za zamani"

Mkwaruzo mwingi ni wa kompyuta. Namba za biti 8 zina ngazi 256 tu za ukubwa, kwa hiyo sauti inapofifia huingia chembechembe kama mchanga. Paula nayo hailainishi mpito kutoka namba moja hadi nyingine. Inashikilia kila namba hadi inayofuata ifike, na ngazi hizo huzaa masafa ya ziada ambayo kinanda hakikuyatoa. Mashine ya michezo ya Super Nintendo hutenda kinyume: sauti zake zote hukaa kwenye kumbukumbu ya KB 64, zimebanwa kwa namna inayopoteza sehemu ya taarifa, na chipu inalainisha kila kitu hadi kinakuwa kizito kidogo. Sampuli moja ikichezwa kwenye mashine hizi mbili, wasikilizaji watakuapia kwamba ni vinanda viwili.

"Kila sauti ya ajabu ni ya sinthesaiza"

Mfano maarufu ni ule mlio wa okestra nzima unaopiga mara moja, *paa!*, uliojaa kwenye dansi na michezo ya video ya miaka ya 1980 na 1990. Wengi huuita sauti ya sinthesaiza. Asili yake ni okestra. Fairlight CMI, kompyuta ya muziki iliyotengenezwa Sydney na Peter Vogel na Kim Ryrie na kutolewa mwaka 1979, ilikuja na maktaba ya sauti kwenye diski, na mojawapo iliitwa ORCH5. Mtunzi David Vorhaus aliichota kutoka rekodi ya *The Firebird* ya Igor Stravinsky, kazi iliyochezwa mara ya kwanza Paris mwaka 1910. Baada ya kutumika kwenye "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa mwaka 1982, kila mtengenezaji wa vinanda alitaka mlio wa namna hiyo. Kwa hiyo ukiukuta kwenye sampuli ya Amiga, huenda ni ORCH5 yenyewe, au mlio wa kuigiza uliorekodiwa upya na kampuni nyingine, au nakala iliyochotwa kwenye sahani ya santuri. Kusema tu "ni Fairlight" ni kuruka hatua zote za kati.

Filimbi ya Kijapani ya shakuhachi ina kisa kinachofanana. Ile iliyoenea ilitoka kwenye maktaba ya kinanda cha E-mu Emulator II cha mwaka 1984, na Peter Gabriel aliifungulia nayo "Sledgehammer" mwaka 1986. Emulator II hucheza sauti zilizorekodiwa. Aliyepuliza alikuwa mtu.

"TR-808 ni sampuli"

Hapana. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ya mwaka 1980 hutengeneza ngoma zake zote kwa saketi za kianalogi. TR-909 ya mwaka 1983 ndiyo imechanganya: ngoma ya besi na snea ni analogi, lakini hai-hati na matoazi ni rekodi fupi za biti 6.

"Sauti ya kiwandani ikifanana, kinanda kimepatikana"

Sinthesaiza ya Roland D-50 ya mwaka 1987 ilikuwa na ujanja wake: mwanzo wa sauti ni rekodi fupi ya kitu halisi, kisha mawimbi ya kutengenezwa yanaendeleza. Ilipendwa sana, na moja ya sauti zake za kiwandani, yaani zilizokuja nayo tangu inanunuliwa, Fantasia, kengele zinazoelea juu ya hewa, inatambulika na karibu kila aliyeishi zama zile. Tatizo ni kwamba Roland hawakuiacha pale. Mwaka huo huo MT-32, kisanduku cha bei nafuu kilichotumika sana kwenye michezo ya kompyuta, kilikuja na ndugu yake, Fantasy. Mwaka 1991 kanuni ya General MIDI (MIDI ni lugha ambayo vinanda na kompyuta hutumia kuambiana noti za kucheza) ikaorodhesha sauti 128 ambazo kila kinanda kinachoifuata lazima kiwe nazo, na vinanda vya Roland vilipachika jina Fantasia kwenye namba 89. Tangu hapo kuna vizazi vya Fantasia, kila kimoja kikiwa na mwanzo wake na mwisho wake tofauti kidogo. Sampuli ya nusu sekunde, ya kasi ndogo, iliyokatwa mwanzo, haitakuambia ni yupi. Katika hali hiyo mimi huandika "ukoo wa D-50" na kuishia hapo, na nadhani wengi wangefanya hivyo mabishano yangepungua nusu.

Yamaha nao vivyo hivyo. Njia ya kuunda sauti iitwayo FM, iliyogunduliwa na John Chowning pale Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, ilienea kwa umma kupitia kinanda cha DX7 mwaka 1983, na tangu hapo kila kengele ya kioo na kila besi ya mpira huitwa DX7. Lakini DX7 huunda sauti kwa mawimbi sita yanayosukumana. DX21 ya bei nafuu hutumia manne. TX81Z ya mwaka 1987 hutumia manne pia ila si lazima yawe mawimbi laini ya saini (sine). Vijana wa Amiga hawakuwa matajiri, na kinanda cha bei ya chini ni dhana ya kuanzia yenye busara kuliko kile cha kwenye mabango. Kuna mtego pia: kibodi ya DX21 haihisi nguvu ya kidole, lakini kinanda hicho hutii nguvu inayotumwa na kifaa kingine kupitia MIDI. Ukilinganisha kwa nguvu moja tu, unaweza kukataa jibu sahihi.

"Mtunzi alikuwa na kinanda hicho"

Mara nyingi hakuwa nacho. Alikuwa na diski.

"Nimelinganisha na programu ya kuigiza kinanda, zimelingana"

Kulingana kwa sikio hakutoshi, na programu ya kuigiza si kinanda. Jaribio lenye nguvu ni la kufutana: unarekodi noti kutoka kwenye kinanda chenyewe, unaipunguza hadi kasi na biti za sampuli, unazipanga zianze pamoja, unageuza moja juu chini, kisha unazijumlisha. Zikiwa kitu kimoja, kinachobaki ni mchanga mchanga tu wa biti 8.

Jaribio hili hufanya kazi vizuri kwa vinanda vinavyocheza rekodi zilizogandishwa kiwandani, mfano Korg M1 ya mwaka 1988, mradi uzime kwanza madoido yake yanayozungusha na kurudisha sauti. Kwenye analogi halifanyi kazi, na watu wengi hulitupa jibu zuri kwa sababu hiyo. Mawimbi ya sinthesaiza ya kianalogi huteleza kila yanapopigwa, na korasi (doido la kunenepesha sauti) ya sinthesaiza ya Roland Juno-106 huzunguka kwa wakati wake bila kujali umebonyeza lini. Rekodi mbili za kinanda kile kile, zilizofanywa dakika moja mbali, hazitafutana. Pale unalinganisha picha ya masafa, umbo la kupanda na kufifia, na uwiano wa mawimbi, na unakubali kwamba jibu litakuwa na ngazi: hakika, karibu hakika, inawezekana.

Zipo pia sampuli zisizo na jibu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 watunzi walikuwa wakitumia mzunguko mmoja tu wa wimbi, baiti chache zinazorudiwa bila kikomo, mara nyingine zikichorwa kwa kipanya kwenye skrini. Wimbi la umbo la msumeno lenye baiti 32 linaweza kuwa limetoka kwenye sinthesaiza yoyote duniani, au kwenye hakuna.

Anayechapisha jibu aandike basi modeli, sauti ya kiwandani na namba yake, noti iliyobonyezwa, nguvu ya kidole, kasi aliyoirudishia sampuli, na kama madoido yaliwashwa. Mwingine mwenye kinanda hicho ataweza kurudia na kusema ndiyo au hapana.